NI NANI ALIYEKETI KARIBU NA MGONJWA?

Na mwanafunzi wa Kidato cha Nne

Gari la wagonjwa lipitapo mjini, king'ora kikilia na taa zikimulika, kila mtu hulitazama gari. Madaladala husogea kando, watoto hukimbia kuliangalia, na wazee hutikisa kichwa wakimwombea aliyemo. Ukiwauliza watu wameona nini, watakuambia rangi ya gari, mwendo wake, labda na jina la hospitali lililoandikwa ubavuni. Ni wachache watakaoweza kukuambia ni nani aliyekuwa ameketi kule ndani karibu na mgonjwa, au kama alikuwako mtu hata mmoja. Nami nathubutu kusema kwamba hilo ndilo jambo kubwa kupita yote. Gari lisilo na mtu aliyefundishwa ni gari tu, hata likiwa jipya namna gani.

Nataka kuandika habari za kijana aingiaye kazini katika gari la namna hiyo kwa mara ya kwanza, mjini. Mji niliouchagua ni Pittsburgh, katika jimbo la Pennsylvania huko Marekani. Labda msomaji atauliza kwa nini niende mbali hivyo. Sababu yangu ni kwamba huko, katika miaka ya 1960, vijana wa mtaa mmoja maskini waliokuwa wakiambiwa hawafai kazi yo yote walifundishwa kazi hii, wakaifanya vizuri kuliko waliowatangulia. Na yale yaliyowapata baadaye yatuhusu sana sisi tunaongoja mtihani wa mwisho wa mwaka.

Msomaji asidhani kuwa Marekani ilikuwa na wahudumu hodari wa wagonjwa tangu zamani. La hasha! Mwaka 1966 Akademia ya Taifa ya Sayansi ya nchi hiyo ilitoa taarifa iliyowashtua watu wengi. Ilisema kuwa katika mwaka 1965 ajali za kila namna ziliua watu 107,000, na kati yao 49,000 waliuawa na motokaa barabarani. Ilisema tena kuwa karibu nusu ya kazi ya kuwachukua wagonjwa na majeruhi ilikuwa mikononi mwa kampuni za mazishi. Ndiyo, mazishi! Sababu yake ilikuwa nyepesi: gari la kuchukulia maiti lilikuwa refu, na mtu aliweza kulazwa ndani yake akanyoosha miguu. Mwenye gari hilo alilipwa mgonjwa akifika mzima, na alilipwa pia asipofika mzima. Sisemi kwamba walikuwa watu wabaya, lakini hiyo si biashara ambayo mgonjwa angependa kuitegemea.

Katika mji wa Pittsburgh kazi hiyo ilifanywa zaidi na polisi. Gari lile lile lililowachukua walevi na wezi ndilo lililomchukua mama mwenye uchungu wa kuzaa na mzee aliyeshikwa na moyo. Mgonjwa alilazwa nyuma juu ya machela, polisi wakaketi mbele, gari likaenda mbio. Kule nyuma mara nyingi mgonjwa alikuwa peke yake. Kama alikuwa akitokwa na damu, aliendelea kutokwa. Kama ulimi ulikuwa umemziba koo, hapakuwa na wa kuufungua. Na watu wa Hill District, mtaa uliokaliwa zaidi na Wamarekani Weusi, walikuwa na taabu ya pili: hawakuwa na imani na polisi. Mtu hupiga moyo konde sana kabla hajamwita mtu anayemwogopa aje amchukue baba yake.

Mwezi wa Novemba 1966 jambo hili liligusa wakubwa pia. Bwana David Lawrence, aliyepata kuwa meya wa mji huo na kisha gavana wa jimbo zima, alianguka jukwaani akihutubia mkutano. Moyo wake ulikuwa umesimama. Muuguzi aliyekuwako alimsaidia papo hapo, lakini gari lililokuja kumchukua lilikuwa la polisi, wala halikuwa limetayarishwa kwa kazi hiyo. Hospitalini moyo ulipiga tena, ila ubongo ulikuwa umekwisha umia. Alifariki tarehe 21 Novemba. Yaani mtu aliyepata kulitawala jimbo zima alichukuliwa kama mtu maskini wa Hill District alivyochukuliwa. Labda ilihitajika aanguke mkubwa ndipo wengine waone.

Daktari mmoja wa hospitali hiyo alikuwa ameona zamani. Huyu ni Peter Safar, mzaliwa wa Vienna, aliyekuwa bingwa wa kuwalaza wagonjwa usingizi wakati wa kupasuliwa. Katika miaka ya 1950 yeye na mwenzake James Elam walithibitisha kwamba pumzi anayoitoa mtu mzima kinywani bado ina oksijeni ya kutosha kumweka hai mwingine asiyepumua. Kabla ya hapo watu walifundishwa kumlaza mgonjwa kifudifudi na kumkandamiza mgongo, jambo lililosaidia kidogo sana. Safar alionyesha tena kuwa mtu aliyezimia ulimi wake hurudi nyuma ukaziba koo, na kwamba ukikiinamisha kichwa chake nyuma na kukiinua kidevu, njia hufunguka. Jambo hilo halitaki dawa wala mashine. Lataka mikono miwili na mtu anayejua.

Mwaka huo huo wa 1966 Safar alifiwa na binti yake mdogo, Elizabeth, aliyekuwa na ugonjwa wa pumu. Hapana shaka msiba huo ulimwongezea bidii. Alitaka hospitali ianze pale mgonjwa alipoangukia, isingoje afikishwe mlangoni.

Basi wakakutana watu wa namna tatu. Phil Hallen, aliyekuwa mkuu wa mfuko mmoja wa fedha za misaada na aliyepata kuendesha gari la wagonjwa katika ujana wake, alitaka watu wa Hill District wapate usafiri wa kwenda hospitali. James McCoy alikuwa akiongoza chama kilichoitwa Freedom House, yaani Nyumba ya Uhuru, kilichotafutia kazi watu wa mtaa huo na kuuza mboga kwa gari mitaani. Na Safar alikuwa na elimu na hakuwa na watu wa kuwafundisha. Mwaka 1967 wakapatana. Wakawachukua watu wa mtaa ule ule, wengi wao wasio na kazi, wengine wamerudi kutoka vita vya Vietnam, wengine hawakumaliza shule ya sekondari. Wakawafundisha kwa saa 300 hivi, huku wale wasiokuwa na cheti cha sekondari wakisaidiwa kukipata. Katika wakati huo saa 300 zilikuwa nyingi mno kwa kazi ya gari la wagonjwa. Mahali pengi mtu aliweza kuifanya kwa kujua kuendesha gari tu.

Sasa tumfikirie mmoja wao, mwaka 1968, siku yake ya kwanza. Simpi jina, maana sitaki kumzulia mtu wa kweli maneno asiyosema. Tuseme ana miaka ishirini na miwili. Mwaka jana alikuwa akisimama pembeni mwa barabara asubuhi mpaka jioni akingoja kibarua. Leo amevaa sare iliyopigwa pasi.

Kazi yake ya kwanza asubuhi hiyo ni kuhesabu. Anafungua mlango wa nyuma, anatazama chupa ya oksijeni kama imejaa, anawasha mashine ya kunyonya matapishi na damu kooni, anahesabu bendeji, mablanketi, mbao za kufungia mguu uliovunjika. Mgeni katika kazi huona kuhesabu huku kuwa jambo la kitoto, kama vile sisi tunavyoona ukaguzi wa vitanda. Lakini chupa tupu ikigunduliwa ghorofa ya tatu, mbele ya mtu asiyepumua, hapo hapana wa kumlaumu ila aliyehesabu.

Kisha simu yalia. Mzee ameanguka nyumbani kwake. Gari lafika, na ngazi za nyumba ni nyembamba, na nyumba imejaa watu, kila mmoja akisema lake. Mmoja alia, mwingine ataka mzee apewe maji anywe, wa tatu amekwisha muinua aketi. Nayo macho yote yamgeukia kijana. Wengine wamjua. “Huyu si yule mtoto wa nyumba ya pili?” Naona hapo ndipo ulipo ugumu wa siku ya kwanza. Mitaani mtu hakuwa kitu, na sasa watu wale wale waliomwona akizurura wamwachia mzee wao.

Mikono ya mtu mwenye hofu husahau. Ndiyo maana Safar alikuwa amepanga mambo kwa utaratibu mfupi ambao mtu aweza kuushika hata akitetemeka: kwanza njia ya hewa, pili pumzi, tatu mzunguko wa damu. Kijana apiga magoti, ainamisha kichwa cha mzee nyuma, ainua kidevu, aweka sikio karibu na kinywa na kutazama kifua. Hana wakati wa kufikiri kama anafaa au hafai. Ubongo ukikosa oksijeni kwa dakika nne hivi huanza kuharibika, na sehemu ya dakika hizo imekwisha pita wakati watu walipokuwa wakitafuta simu. Mwenzake mzoefu amesimama kando yake. Hamnyang'anyi kazi, amwacha aifanye, huku akiwa tayari.

Kuna jambo jingine ambalo nadhani wengi wetu hatulijui. Twafikiri gari la wagonjwa kazi yake ni kukimbia. Safar alifundisha kinyume: mtulize mgonjwa kwanza pale pale alipo, ndipo umchukue, na gari liende kwa mwendo ambao mtu aliye nyuma aweza kufanya kazi. Huwezi kukandamiza kifua cha mtu sawasawa katika gari linaloyumba kila kona. Dereva anayekimbia mno humshinda mwenzake kule nyuma, na mgonjwa ndiye anayelipa. Kwa hiyo gari lao lilitengenezwa kwa nafasi ya kutosha, hata mhudumu aweze kukaa upande wa kichwa cha mgonjwa, mahali ambapo katika gari la polisi hapakuwa na mtu.

Hospitalini kijana hana ruhusa ya kumtupa mgonjwa mlangoni na kuondoka. Lazima amweleze daktari kwa maneno machache: nimemkuta vipi, saa ngapi, nimefanya nini, amebadilikaje njiani. Kisha ayaandike. Kisha arudi garini na ndoo na tambara asafishe sakafu. Hili la ndoo halipo katika picha wala sinema, lakini mgonjwa wa pili atalazwa pale pale.

Tena nataka wenzangu wajue hesabu moja. Katika mwaka wao wa kwanza watu wa Freedom House waliitikia karibu simu 5,800 na kuwachukua wagonjwa zaidi ya 4,600. Hizo ni karibu simu 16 kila siku. Kwa hesabu ya Safar mwenyewe, watu 200 waliokolewa maisha mwaka huo. Gawanya, utaona ni kama mgonjwa mmoja katika kila 23. Waliobaki walikuwa wagonjwa wa kweli, lakini yaelekea wengi wao wangefika hai hata bila yeye. Walihitaji kubebwa vizuri, kufunikwa blanketi, kusemeshwa. Kijana wetu aweza kumaliza siku yake ya kwanza, na ya pili, na ya tatu, bila kuokoa mtu. Anayetaka sifa atachoka upesi. Mimi namwona shujaa yule wa simu ya kumi na tano, aliyembeba bibi mwenye maumivu ya miguu ngazi tatu bila kumtikisa.

Je, walifanya kazi nzuri kweli, au tunawasifu kwa huruma? Mwaka 1972 ulifanywa uchunguzi wa wagonjwa 1,400 waliopelekwa hospitali katika miezi miwili. Ilionekana kuwa wahudumu wa Freedom House waliwapa wagonjwa mahututi msaada uliokuwa sawa kwa asilimia 89. Polisi walipata asilimia 38. Na vikundi vya watu wa kujitolea, waliotoka kwa wema wa moyo bila malipo, walipata asilimia 13. Wema wa moyo ni kitu kikubwa, sisemi siyo. Lakini wema wa moyo haujui mahali ulimi unapoziba koo.

Pamoja na hayo walipata taabu. Wako waliosimulia kuwa wagonjwa wengine Weupe walikataa kuguswa nao. Simu nyingi zilipitia kwa polisi kwanza, nao hawakufurahi kuona kazi yao ikichukuliwa. Basi wahudumu wakawa wakisikiliza redio ya polisi, wakisikia mahali pa ajali hukimbia wafike kwanza.

Daktari Nancy Caroline ndiye aliyekuja kuwa daktari wao mkuu katika miaka ya 1970. Alipanda gari pamoja nao usiku, akawafundisha na kujifunza kwao, na kutokana na kazi hiyo akaandika kitabu kikubwa cha mafunzo kilichotumiwa na wahudumu wa magari ya wagonjwa kote Marekani. Wasomaji wetu watapenda kujua kuwa mama huyu alifika hata Afrika Mashariki. Katika miaka ya 1980 alifanya kazi Nairobi pamoja na Madaktari wa Ndege wa AMREF. Kwa hiyo mambo yaliyojaribiwa katika ngazi za nyumba za Hill District hayako mbali nasi kama yanavyoonekana katika ramani.

Sasa nafika mahali panaponiuma. Kazi ilipoonekana ni nzuri, mji mzima uliitaka. Mwaka 1975 serikali ya mji ikaanzisha huduma yake yenyewe, na tarehe 15 Oktoba mwaka huo Freedom House ikafungwa. Wahudumu wake waliahidiwa kazi katika huduma mpya. Walipoingia, walitenganishwa, wakawekwa chini ya watu ambao wengi wao hawakuwa na ujuzi kama wao, na wengine wakatakiwa kubeba mikoba tu huku wageni wakimhudumia mgonjwa. Kisha ikaletwa mitihani ya karatasi, na mingine ilihusu mambo ambayo hawakufundishwa. Walioshindwa waliondolewa. Wengine waliondolewa kwa sababu ya makosa ya zamani yaliyoandikwa katika daftari za polisi, ingawa wakati walipokuwa wakiokoa watu usiku hakuna aliyeuliza habari za daftari hizo. Katika miaka michache wengi walikuwa wametoka.

Wenzangu wa Kidato cha Nne wasinielewe vibaya. Mimi si adui wa mitihani, wala siandiki haya kujitafutia udhuru mapema. Freedom House yenyewe ilikuwa na mitihani migumu. Mtu asiyeweza kumfungua mgonjwa njia ya hewa hakupanda gari, hata angekuwa mpwa wa mkuu wa chama. Mtihani huo uliuliza: waweza kumsaidia mtu huyu? Ule uliokuja baadaye, naona, uliuliza: tupate njia gani ya kukutoa? Yote miwili huitwa mtihani, na yote huandikwa kwa wino, lakini si kitu kimoja. Mtu aliyekwisha fanya kazi miaka saba mbele ya macho ya madaktari, akafanikiwa mara 89 katika mia, kumpima kwa karatasi isiyohusu kazi hiyo ni kumdhulumu yeye, na zaidi kumdhulumu mgonjwa atakayeanguka kesho.

Mmoja aliyebaki ni John Moon. Alilelewa katika nyumba ya watoto yatima. Alikuwa akifanya kazi ndogo hospitalini siku alipowaona watu wawili Weusi wakiingia na mgonjwa, wakimweleza daktari mambo kwa uhakika kama watu waliozoea kusikilizwa, akatamani kuwa kama wao. Akajiunga. Baadaye alikuwa mmoja wa watu wa mwanzo kabisa kupitisha mrija katika njia ya hewa ya mgonjwa nje ya hospitali, kazi iliyokuwa ya madaktari peke yao. Aliyavumilia yote ya mwaka 1975 na yaliyofuata, akapanda cheo hata akawa naibu mkuu wa huduma ya dharura ya mji wa Pittsburgh, akastaafu mwaka 2009.

Namtaja huyu kwa ajili ya wazazi wetu hasa. Najua mzazi aweza kusema, “Nimeuza ng'ombe kumsomesha mtoto, sasa ataka kubeba machela?” Ni neno la haki, maana ada na nauli si mchezo. Lakini twaambiwa kila siku tuwe madaktari, wahandisi na wanasheria, nasi darasani tukiulizwa twajibu hivyo hivyo kama kasuku. Sijasikia hata mwenzangu mmoja akisema ataka kuwa mhudumu wa gari la wagonjwa. Na miji yetu inakua. Pikipiki zimejaa, malori hayalali. Tangu mwaka 2010 Hospitali ya Taifa Muhimbili ina idara kamili ya wagonjwa wa dharura, na madaktari wa kazi hiyo hufundishwa hapa hapa nchini. Katika mpango wa m-mama, gari la wagonjwa lisipokuwapo, dereva wa kawaida hupigiwa simu kumchukua mama mjamzito, naye hulipwa kwa simu. Mambo hayo ni mazuri sana. Lakini daktari yuko mwisho wa barabara na dereva macho yake yako mbele. Katikati yao, kule nyuma, ni nani?

Muhula uliopita bodaboda na lori viligongana katika barabara kuu iliyo karibu na shule yetu. Watu wema walikuja mbio. Mmoja alimshika majeruhi mikono, mwingine miguu, wakambembeza kama gunia mpaka kwenye pikapu, kichwa kikining'inia. Hakuna aliyekusudia mabaya. Wote walikuwa na haraka ya kumfikisha.

Nasi hapa shuleni hatuna tofauti kubwa. Mtu akiugua usiku bwenini, huchukuliwa kwa gari la shule, na wanaopanda nyuma pamoja naye huchaguliwa kwa nguvu za mikono. Mwaka huu nimepanda mimi mara mbili kwa kuwa ni mrefu.

Mwalimu mmoja niliyemgusia habari hii aliniambia kuwa Kidato cha Nne hawana nafasi ya mambo mengine kabla ya mtihani. Nilimjibu kwa heshima kwamba vijana wa Hill District wasiokuwa na cheti cha sekondari walikisomea pamoja na kazi yao wakati mmoja. Wala sisi hatuombi saa 300. Naomba saa kumi, Jumamosi kwa Jumamosi, na watu wawili kutoka kila bweni, wachaguliwe Kidato cha Pili na cha Tatu pia ili tukiondoka sisi elimu isiondoke nasi. Muuguzi wa zahanati iliyo jirani amekwisha sema kwamba akialikwa atakuja. Wafundishwe njia ya hewa, pumzi na damu. Wafundishwe kumbeba mtu mwenye mfupa uliovunjika. Na mwisho wapimwe kwa mikono yao, mwenzao akiwa amelala sakafuni na taa ya bweni imezimwa, maana usiku ndivyo mambo yalivyo.

Machela tunayo moja. Iko katika stoo ya michezo, nyuma ya nguzo za goli, na turubai lake limechanika upande wa miguu. Naomba Kamati ya Wazazi itakapokutana mwezi ujao ifunguliwe stoo hiyo iione. Fundi anayeshona sare zetu ameitazama akasema ni kazi ya siku moja, na turubai atalitoa mwenyewe.